Maziwa Yaliyokosa Gari: Chakula cha Asubuhi Katika Milima ya Usambara

Msafiri atokaye Tanga au Dar es Salaam kwenda Moshi hupita katika mji mdogo uitwao Mombo. Mkono wake wa kushoto ni nyika pana yenye miiba na mashamba ya katani. Mkono wake wa kulia imesimama milima ya Usambara kama ukuta wa boma. Reli itokayo Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu siku hizo mahali hapo pamekuwa kizingiti cha nchi ya juu. Wengi wetu hununua machungwa dirishani, tukayatazama mawingu yaliyokaa juu ya vilele, kisha tukaenda zetu. Lakini yule ateremkaye Mombo na kupanda gari la Lushoto ataona nchi nyingine kabisa. Tena ataona huko jambo moja la jikoni lifaalo kujulikana na kila nyumba yenye ng'ombe, kuku na mti mmoja wa matunda. Jambo hilo ndilo nitakalo kuwaeleza wasomaji.

NJIA YA KUPANDA

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 hivi. Si mwendo mrefu, ila ni wa kupanda tu. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na chini ya korongo mto unanguruma. Kona ni nyingi hata mtoto mmoja aliyekuwa akizihesabu garini mwetu alichoka, akalala. Pale Soni maporomoko ya maji yaonekana kutoka barabarani, meupe juu ya mawe meusi. Hapo jasho la Mombo limekwisha kukauka, na abiria wanafungua mizigo yao kutafuta masweta. Mji wa Lushoto wenyewe uko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipoitawala nchi waliuita Wilhelmstal, wakapenda kupumzika huko kwa sababu ya hewa yake ya baridi.

Wenyeji, ndio Wasambaa, huiita nchi yao ya juu Shambaai, na ile ya chini yenye joto huiita nyika. Mtu akitaka kuziona zote mbili kwa mara moja na aende Irente, kilometa chache tu kutoka Lushoto mjini. Nyuma yake ni migomba na mabonde ya kijani. Mbele yake mwamba unakatika ghafula, na chini kabisa yaonekana Mazinde na mashamba ya katani yaliyopangwa kama mistari ya daftari. Na baada ya hapo ni nyika mpaka macho yashindwe.

Ardhi ya milimani ni ya rutuba, lakini watu ni wengi na vishamba ni vidogo. Hakuna nafasi ya kuachia ng'ombe wazurure. Basi ng'ombe hukaa bandani mwaka mzima, na majani hupelekewa huko huko. Majani hayo hupandwa kwa mistari kukata mteremko, ili yazuie udongo usichukuliwe na mvua na papo hapo yawe chakula cha mifugo. Asubuhi njia zote zina watoto na akina mama wenye matita ya majani kichwani. Kwa mbali utadhani kichaka kinatembea. Kabeji, karoti, viazi na maharage huteremshwa kwa malori kwenda Tanga na Dar es Salaam. Maziwa nayo huteremshwa. Tangu miaka ya 1990 kiwanda cha maziwa kimekuwako Tanga, na wafugaji wadogo wa mkoa ule wamezoea kuyapeleka maziwa yao mahali pa kukusanyia.

Tena ni nchi ya matunda. Mbali na ndizi na mapapai tuyajuayo sote, huko huota matunda ya nchi za baridi ambayo miti yake ililetwa na wageni kutoka Ulaya: plamu nyekundu zenye maji mengi, mapichi yenye manyoya laini, mapea na matufaha. Mwisho wa mwaka na mwanzoni mwa mwaka unaofuata plamu hujaa ndoo barabarani, na watoto huziuza kwa vikopo.

Na jibini hutengenezwa huko. Pale Ubiri, kabla ya kufika Lushoto mjini, Masista wa Usambara hutengeneza jibini na jemu za matunda. Shamba la Irente, ambalo ni la Kanisa la Kilutheri, nalo hujulikana kwa jibini na mkate wake. Wengi hudhani ya kuwa jibini ni kitu cha hotelini, chahitaji mitambo na fedha. Mimi pia sikuwa na sababu ya kufikiri vingine, mpaka nilipoiona ikitengenezwa katika jiko la kuni na mama wa kijijini, kwa sufuria na kitambaa tu.

MVUA NA GARI LA MAZIWA

Nilikuwa nimekwenda kumtembelea mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye chuoni. Yeye afundisha shule ya msingi katika kijiji kilicho juu ya Soni, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu kutoka barabara kubwa. Nyumba yake ina watu saba: yeye, mkewe, watoto wanne, na mama yake mzazi ambaye ni mzee sana. Banda lake lina ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama. Ng'ombe yule hutoa lita 5 asubuhi na lita 3 jioni.

Ilikuwa mwezi wa Desemba. Mvua ilinyesha usiku kucha, na kulipokucha tukasikia habari ya kuwa udongo umeporomoka na kuziba njia. Kijana achukuaye maziwa kwa pikipiki hakuja. Dumu lilikuwa limekwisha kujazwa, limesimama mlangoni.

"Gari la maziwa halitafika leo," alisema mwalimu. "Hasara hiyo."

Mkewe akalichukua dumu, akarudi nalo jikoni. "Basi kesho na keshokutwa watoto watakula vizuri," akasema.

Aliyasema maneno hayo kwa furaha tu, bila ya kumsema mtu. Lakini yalinikaa moyoni. Kumbe siku gari lifikapo, watoto hawali vizuri? Nikaangalia chai ya asubuhi ile. Kila mtoto alipata kikombe cha chai ya rangi na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Katika nyumba yenye ng'ombe wa lita 8 kwa siku, maziwa yote yalikuwa yakishuka mlimani, nayo mayai ya kuku yakimfuata yule kijana wa pikipiki. Wala si uchoyo wa mtu yeyote. Fedha za maziwa ndizo zinunuazo sare za shule, daftari, pumba za ng'ombe na mabati. Kila lita ilikuwa na kazi yake kabla haijakamuliwa.

JIBINI LA SIKU MBILI

Sasa nitaeleza kazi aliyoifanya shemeji yangu yule, maana nilikaa jikoni nikiandika kila hatua. Yeye aliipata elimu hiyo alipokuwa msichana, akifanya kazi katika jiko la nyumba moja ya masista.

Kwanza aliyachuja maziwa lita 3, akayachemsha mpaka yakafura. Hatua hiyo hairukwi, kwa sababu maziwa mabichi yaweza kuwa na vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya homa ya kutupa mimba. Kisha akayaacha yapoe mpaka kidole kiweze kukaa ndani bila kuungua. Akatia vijiko vitatu vya mtindi mzuri wa siku iliyotangulia, akakoroga, akafunika, akaiweka sufuria karibu na mafiga yenye majivu ya moto. Asubuhi ya pili maziwa yalikuwa yameganda kama ute mzito.

Hapo akaiteleka sufuria hiyo ndani ya sufuria kubwa zaidi yenye maji, juu ya moto mdogo. Mtindi haukupaswa kuchemka. Ulipashwa polepole tu. Baada ya nusu saa hivi mapande meupe yakajitenga, na maji ya rangi ya kijani-manjano yakatokea pembeni. Akatandika kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa, akamimina, akafunga fundo, akakitundika kwenye mwamba wa paa na bakuli chini yake. Usiku mzima maji yalidondoka. Asubuhi ya tatu alipofungua kitambaa tulikuta jibini laini, jeupe, lenye chenga ndogo ndogo, uzito wake zaidi kidogo ya nusu kilo. Ladha yake ni ya uchachu mdogo na haina harufu kali. Wajerumani hulijua sana jibini la namna hii, nao huliita Quark. Tena wana desturi ya kulioka pamoja na mayai na matunda.

Yale maji yaliyodondoka hakuyamwaga. Aliyapikia uji wa mahindi. Yana sukari ya maziwa na sehemu ya chakula cha kujenga mwili iliyobaki, na uji wake una ladha nzuri.

KUOKA BILA YA JIKO LA KUOKEA

Asubuhi ile ile, kabla ya jua kutoka, tulianza kuoka. Vitu vilivyotumika ni hivi: lile jibini la lita 3, mayai 5, unga wa ngano vijiko 6 vya chakula, sukari vijiko 4, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, ganda la limau moja lililokwaruzwa, na plamu vikombe viwili, zilizotolewa kokwa na kukatwa vipande. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetumwa kuleta mayai. Alipoombwa matano alisimama kidogo, kisha akaenda.

Jibini lilipondwa kwa mwiko mpaka likawa laini. Viini vya mayai, sukari, chumvi na ganda la limau vikachanganywa humo, kisha unga. Ute wa mayai ulipigwa kando kwa uma mpaka ukawa povu jeupe lisiloanguka, ukatiwa mwisho kwa kukunjakunja taratibu ili hewa isitoke. Hiyo ndiyo iinuayo chakula. Sufuria nene ikapakwa siagi na kunyunyizwa unga. Nusu ya mchanganyiko ikamiminwa, plamu zikatandazwa juu yake, kisha nusu iliyobaki ikazifunika.

Nyumba ile haina jiko la kuokea, wala halikuhitajika. Katika sufuria kubwa yalitandazwa mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili, na juu yake vijiwe vitatu. Sufuria ndogo ikakalishwa juu ya vijiwe, na ile kubwa ikafunikwa kwa bati. Makaa machache yakabaki chini, na mengi zaidi yakapaliwa juu ya bati. Siri ni hiyo: moto wa juu uwe mkubwa kuliko wa chini, la sivyo chakula kitaungua kitako na kubaki kibichi usoni. Baada ya dakika 40 alifunua, akachoma katikati kwa kijiti safi. Kilitoka na unyevu, akafunika tena. Baada ya dakika 5 kilitoka kikavu. Akaepua, akatuzuia tusikate mpaka robo saa ipite, maana kikikatwa kikiwa moto humong'onyoka.

Kilipokatwa kilikuwa na rangi ya dhahabu juu, cheupe ndani, na mshipa mwekundu wa plamu katikati. Vipande vilikuwa vinane, mimi mgeni nikiwa wa nane. Watoto hawakusema neno mpaka sahani zikawa tupu. Bibi yao alikitazama chake kwa mashaka.

"Sisi zamani watoto hatukuwapa mayai," alisema. "Tuliambiwa mtoto alaye mayai atakuwa mwizi."

"Na wewe, mama, je?" mwanawe akamwuliza.

"Mimi sasa nimezeeka, sina mbio za kuiba." Akaonja, akatafuna kwa fizi, akaonja tena. "Chakula hiki hakidai meno," akasema, na kile kipande kikaisha.

HESABU YA MWALIMU

Tulipokwisha kula, sisi walimu wawili tulifanya hesabu kwa chaki kwenye ubao wa mlango. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 32 hivi za protini, ndicho chakula cha kujenga mwili. Sehemu nne katika tano za hizo ndizo zigandazo na kubaki katika jibini. Zilizosalia huenda na yale maji. Basi lita 3 zilitupa gramu 75 hivi katika jibini. Yai moja lina gramu 6. Mayai matano gramu 30. Unga ukaongeza kama gramu 5. Jumla ni gramu 110. Gawa kwa watu wanane: kila mmoja amepata gramu 13 na zaidi. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 ahitaji gramu 19 hivi kwa siku nzima. Kwa hiyo kabla ya kengele ya shule kulia, watoto wale walikuwa wamekwisha kupata karibu theluthi mbili ya mahitaji ya siku.

Tukafanya pia hesabu ya chai ya siku ya kwanza. Chai ya rangi haina kitu ila maji na sukari. Unga wa muhogo gramu 100 una protini gramu 2 hivi tu. Mwalimu aliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu, kisha akanieleza habari za darasani kwake. Ifikapo saa nne, alisema, watoto wengine husinzia, wengine hutazama dirishani, na yeye amekuwa akiwagombeza kwa uvivu.

Mkewe alikuwa akiosha vyombo. "Mimi sikuomba maziwa yote," akasema bila ya kugeuka. "Niliomba lita 2 zibaki. Hizo tano za asubuhi ziwe tatu dumuni."

"Na sare za shule?"

"Sare itavaliwa na mwili gani, Baba?"

Mwalimu hakujibu. Tukatoka kwenda kutazama njia kama imefunguliwa. Lakini siku ya pili yake, kijana wa pikipiki alipofika, nilimsikia akimwambia hivi: "Tangu leo kutoka kwangu utachukua lita 3 asubuhi. Ukiulizwa, sema ng'ombe hajapungua maziwa. Ni watoto walioongezewa."

KWETU TAMBARARE

Mimi ni karani wa parokia katika nchi ya Unyamwezi, mbali na milima hiyo. Plamu hatuna, baridi hatuna, lakini ng'ombe tunao wengi kuliko Wasambaa. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na vya mazishi. Katika kitabu cha mazishi nimeandika kwa mkono wangu majina ya watoto wadogo ambao baba zao wana ng'ombe zizini. Ndiyo maana habari hii naiona si ya upishi tu.

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini kote mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5 hapa Tanzania, 30 wamedumaa. Yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao. Na jambo la kushangaza ni hili: Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa isifiwayo kwa mahindi, ndiyo iliyokuwa na watoto wengi zaidi wa namna hiyo, nusu yao hivi au zaidi. Sababu ni nyingi: maradhi, maji machafu, kazi nyingi za mama. Lakini mojawapo ni sahani yenye chakula cha aina moja tu. Tumbo la mtoto limejaa, na mwili wake una njaa.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akitibu watoto huko Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo, aliandika habari za watoto waliovimba miguu, ngozi zikabanduka na nywele zikabadilika rangi. Wengi wao walikuwa wameachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi mtupu. Wenyeji waliuita kwashiorkor, maradhi ya mtoto aliyepokwa nafasi yake na mdogo wake aliyezaliwa. Kwa Kiswahili twauita unyafuzi, na akina mama wengi wanaujua kwa macho.

Sasa, jibini lile laweza kutengenezwa wapi? Popote palipo na maziwa. Kwa joto la kwetu maziwa huganda upesi. Si lazima kungoja mpaka siku ya pili. Asiyetaka kungoja kabisa ayachemshe maziwa, ayaepue, atie maji ya ndimu kidogo kidogo huku akikoroga, kiasi cha vijiko viwili kwa lita moja, mpaka yakatike. Baada ya dakika 10 achuje kwa kitambaa. Maziwa ya mbuzi pia yafaa.

Na wale wanaosukasuka maziwa kibuyuni ili wapate samli, wasikilize vizuri. Samli ni mafuta. Protini haikutoka pamoja nayo. Karibu yote imebaki katika yale maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi, ambayo katika miji mingine hupewa mbwa. Yapashe polepole, yachuje, nawe utapata jibini jema kabisa. Kwa njia hiyo samli yaenda sokoni na chakula cha kujenga mwili chabaki nyumbani, wala mfuko haupungui hata senti moja. Ila kama maziwa hayo yalisukwa bila ya kuchemshwa kwanza, bora kuyachemsha maziwa kabla ya kuyagandisha kwa ajili ya kusuka, kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

Mahali pa plamu tia maembe wakati wa maembe, au ndizi mbivu, au mapera yaliyotolewa mbegu. Papai lenye maji mengi lichujwe kwanza. Mahali pa unga wa ngano tia unga laini wa ulezi au wa mtama. Mahali pa sukari tia asali ya misitu yetu, vijiko vitatu vyatosha. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali hata ikiwa imeokwa, maana yaweza kuwa na sumu kwa tumbo changa. Mtoto wa umri huo ziwa la mama ndilo chakula chake kikubwa. Akifikisha miezi 6 huongezewa vyakula vingine laini, na yai lililoiva vizuri ni mojawapo.

Jibini hili halina dawa ya kulihifadhi. Mahali penye baridi hukaa siku mbili au tatu. Kwetu kwenye joto litumike siku ile ile. Kilichookwa kiliwe asubuhi, na kikibaki kiishe mchana. Vyombo viwe safi, na kitambaa kichemshwe kila mara kabla ya kutumika. Mtu ambaye maziwa mabichi humsokota tumbo mara nyingi ataliweza jibini hili, kwa kuwa sehemu kubwa ya sukari ya maziwa imekwenda na maji.

Labda mtu atasema, "Sisi hatuna nafasi ya kuoka kila siku." Hata mama yule wa Usambara haoki kila siku. Anaoka Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine watoto hupata kikombe cha mtindi katika uji, au jibini kidogo juu ya kiazi cha kuchemsha. Asiye na ng'ombe ana kuku. Asiye na kuku ana karanga na maharage, nazo hujenga mwili. Neno langu si kwamba kila nyumba ile chakula cha namna moja, bali kila baba na kila mama wakae siku moja na kufanya hesabu ile ya ubao wa mlango: katika vitu vyote vitokavyo zizini, bandani na shambani kwetu, mtoto wetu anabakiziwa nini asubuhi?

Kuuza si kosa. Fedha zahitajika, na soko la maziwa limewainua wengi. Lakini maziwa yakikosa gari ndipo watoto wale, basi mpango wa nyumba umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Kipimo cha nyumbani na kitolewe kwanza, kabla dumu halijafungwa.